Chaza Kwenye Laga Kavu

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinikunjulia kiganja chake siku tuliyoshuka kwenye laga, mkondo wa mto wa msimu, upande wa Lothagam, mashariki ya Lodwar. Mlikuwa na ganda la konokono, jembamba, limechongoka kama ncha ya msumari, jeupe kwa kupigwa na jua. "Mwalimu," akauliza, "huyu alibebwa na nani mpaka hapa?"

Pale tulipokuwa, Ziwa Turkana halionekani. Kuna mchanga, mawe meusi, migunga michache na mbuzi. Nikamwambia hakubebwa na mtu. Alizaliwa hapo hapo, akaishi, akafa, tope likamfunika. Wenzake wakacheka. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nililelewa Kalokol, binti wa mvuvi, na nilifika utu uzima nikiamini kwamba nchi yetu iliumbwa kavu. Kitabu cha jiografia tulichosomea kiliipa Turkana mstari mmoja: eneo kame. Nami nikaja kuufundisha mstari huo huo kwa miaka mingi.

Kilichonifungua macho ni kibarua cha likizo. Nilichukuliwa kuchekecha udongo kwenye kambi ya watafiti, kazi ya kuinama toka alfajiri hadi jua lishinde watu. Msimamizi wetu, mzee aliyeanza uchimbaji tangu ujana wake, alinisimamisha siku moja mbele ya ukingo wa laga uliokatwa na mafuriko, mrefu kunipita, akasema, "Mama, soma kuanzia chini. Cha chini ndicho kilichotangulia."

Chini kabisa kulikuwa na mchanga wa upepo na kokoto, wekundu uliochakaa. Hicho ni kipindi cha mwisho wa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, wakati mvua ilipopungua mno katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Hata Ziwa Victoria lilikauka wakati huo, na tope la sakafu yake lenyewe ndilo lililotoa ushahidi.

Juu ya mchanga ule palikuwa na tope la kijivu, laini, lenye makonokono. Na hapo katikati ukapita mkanda mweupe, unene wa mkono wangu, mwepesi kiasi kwamba bonge lake kiganjani halina uzito. Mzee aliniambia niguse kwa ulimi. Likanata. Nilidhani ni chokaa. Kumbe ni makaburi: mamilioni kwa mamilioni ya diatomu, viumbe wa jamii ya mwani wasioonekana kwa macho matupu, ambao kila mmoja hujijengea ganda la kioo. Wakifa huzama, na maganda yao matupu hurundikana sakafuni mwa ziwa. Kila aina ina maji yake. Kuna wanaotaka maji matamu na yenye kina, na kuna wanaostahimili magadi. Mtaalamu akiweka chembe ya ule unga chini ya hadubini, akazihesabu aina zake, anaweza kukuambia maji yaliyosimama hapo yalikuwa ya namna gani.

Tabaka hizi wanajiolojia wameziita Galana Boi, na zimetapakaa mashariki na magharibi ya ziwa. Zinaonyesha kwamba kwa maelfu ya miaka, katika kipindi kilichoanza karibu miaka 15,000 iliyopita na kufika ukingoni miaka 5,000 hivi iliyopita, maji ya Turkana yalipanda karibu mita 100 juu ya yalipo leo. Yalipofika kilele yalimwagika kaskazini-magharibi kupitia uwanda wa Lotikipi, yakaungana na mito iendayo Nile. Ndiyo maana mamba na sangara wetu ni ndugu wa wale wa Nile. Leo ziwa halina njia ya kutokea. Linapokea maji, kama asilimia 90 kutoka Mto Omo wa Ethiopia, kisha jua linayanywa na kuacha magadi.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu yule konokono wa mwanafunzi wangu, kwa sababu ni rahisi kukosea. Yeye ni mvumilivu. Aina yake ingali hai ziwani leo, katika magadi haya haya. Kumwona jangwani kunatuambia palikuwa na maji, basi. Anayesema zaidi ni chaza. Mita chache kutoka pale, juu ya mwamba, kuna maganda mazito ya chaza wa Nile yaliyojigandisha kama sahani zilizobandikwa kwa saruji. Huyo hutaka maji matamu, yanayotembea, yenye hewa. Niliposhika ganda lake mara ya kwanza, mkononi mwangu nilisikia kitu ambacho ramani yoyote haikuwahi kunipa.

Maganda yana siri nyingine ndani. Oksijeni iliyomo katika maji ni ya uzito tofauti. Jua likichoma ziwa, maji yenye oksijeni nyepesi hutangulia kuwa mvuke, yale mazito yakabaki. Ni kama supu ya mbuzi iliyosahaulika mekoni: maji yanaondoka, chumvi inabaki, na mwonjaji anajua imekaa motoni muda gani. Konokono na chaza hujenga maganda yao kwa maji wanamoishi, kwa hiyo ganda lenye oksijeni nzito nyingi linasimulia ziwa lililokuwa likikauka, na lenye nyepesi linasimulia mvua na mito iliyojaa.

Umri nao hupimwa kwa kaboni-14, ambayo hupungua nusu yake kila baada ya miaka 5,730. Lakini ganda laweza kudanganya. Maji ya ziwa huwa na kaboni kongwe iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba, na ganda likaonekana zee kuliko lilivyo. Watafiti waangalifu hutafuta mkaa wa moto uliokokwa na watu katika tabaka lile lile, wakalinganisha. Kwa tabaka za kale mno, ambazo kaboni hiyo imekwisha, hutumika jivu la volkano. Nalo pia limewahi kuwagombanisha wataalamu: jivu moja la Koobi Fora, ng'ambo ya ziwa, lilipimwa kwanza likapewa umri wa miaka milioni 2.6, na fuvu mashuhuri la binadamu wa kale aliloligundua Mkenya Bernard Ngeneo mwaka 1972 likabebeshwa umri mkubwa kupita kiasi. Meno ya nguruwe wa kale yaliyotoka kwenye tabaka hizo ndiyo yaliyoanza kuutilia shaka umri huo. Vipimo vipya vikalishusha jivu hadi karibu milioni 1.9.

Kwa nini mvua iliyolijaza ziwa ilikuja, kisha ikaondoka? Jibu liko mbali na Turkana. Mhimili wa dunia hupepesuka polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na kwa sababu hiyo majira ambayo dunia hulikaribia jua hubadilika katika mzunguko wa zaidi ya miaka 20,000. Leo tunalikaribia zaidi mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita tulilikaribia katikati ya mwaka, majira ya joto ya kaskazini. Nchi kavu ikapata joto kali zaidi, ikavuta kutoka baharini pepo zenye unyevu, na nyanda za juu za Ethiopia zikaumimina mzigo huo katika Omo. Sahara nayo ilikuwa na nyasi na maziwa wakati huo huo. Kisha pia ikageuka, mvua ikarudi nyuma.

Mvua ilirudi nyuma ghafla au taratibu? Wataalamu wamevutana sana juu ya hili. Tope la bahari mbele ya Mauritania linaonyesha vumbi la Sahara likiongezeka kwa kasi karibu miaka 5,500 iliyopita. Tope la Ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, linaonyesha nchi iliyokauka hatua kwa hatua. Mimi naona hakuna haja ya jibu moja kwa bara zima. Kila bonde lina mito yake, na lenye kinywa cha kumwagia maji hukauka kwa namna yake.

Kwetu maji yalishuka, na watu walikuwepo wakiyatazama. Katika mchanga wa fukwe za kale watafiti wameokota vyusa vya mfupa vyenye meno ubavuni, pamoja na mifupa ya samaki wakubwa. Baba yangu nilipompelekea picha ya chusa kimoja aliitazama muda mrefu, akasema aliyekichonga alijua sangara hukata kamba. Baadaye, ziwa likirudi nyuma, wakaja wafugaji wa kwanza. Huko Lothagam, kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita, walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, wakasimamisha nguzo, wakazika humo watu wasiopungua 580, wake kwa waume na watoto, wengi wakiwa na shanga za mawe ya rangi. Nguzo za aina hiyo zipo pia kando ya barabara ya Kalokol. Tunaziita Namoratunga, watu wa mawe, na nyanya alinifundisha niongeze kijiwe juu ya nguzo kila nipitapo. Alisema walikuwa wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Bado naongeza kijiwe. Siku hizi nikifanya hivyo huwaza nyumba zilizokuwa ufukweni, halafu ufukwe ukaenda.

Sasa maji yanapanda tena. Mvua nyingi za mwaka 2019 na 2020 zilijaza maziwa ya Bonde la Ufa, na kaka yangu alihamisha boma lake mara mbili. Mkoma aliokuwa akilala chini yake mchana umesimama majini, umekufa, na yeye hufunga mashua yake hapo. Nilimwomba anichotee kopo la tope kutoka kwenye shina lake nikawaonyeshe wanafunzi. Lilikuwa jeusi, laini, linanuka majani yaliyooza. Nililimimina kwenye sinia darasani, na yule kijana, sasa yuko kidato cha nne, akalipekua kwa kidole hadi akapata konokono wawili, wembamba, wenye ncha kama msumari, wangali wakitembea.