Dhoruba ya Pichani na Maafa ya Ziwani

Usiku wa giza, mtu asimamapo ufukoni mwa Mwanza, karibu na Jiwe la Bismarck, huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani mithili ya mji uliozuka juu ya maji. Mandhari hiyo hupendeza mno. Lakini mama ambaye mumewe yumo katika mojawapo ya mitumbwi ile haitazami kwa jicho la mgeni. Yeye husikiliza upepo.

Tofauti hiyo baina ya anayetazama na anayengoja ndiyo inayomjia mtu anapozipitia picha za Waingereza wa karne ya 18. Wakati huo Uingereza ilikuwa dola ya baharini, na habari za meli kuzama hazikukoma. Mwaka 1757 mwandishi Edmund Burke alieleza kwamba jambo la kutisha laweza kumpa mtu furaha ya ajabu, mradi hatari yenyewe iwe mbali naye. Basi wenye nafasi wakatundika sebuleni picha za milingoti iliyovunjika na mawimbi yaliyoumuka.

Mchoraji Philippe Jacques de Loutherbourg, mzaliwa wa Strasbourg aliyehamia London mwaka 1771, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1781 alifungua jumba dogo la maonyesho lililoitwa Eidophusikon. Humo mandhari ziliendeshwa kwa mitambo, mwanga ulibadilishwa rangi, na ngurumo ilitolewa kwa kutikisa bamba la shaba. Waliolipa kiingilio walishuhudia meli ikiangamia, kisha wakarudi makwao nguo zao zikiwa kavu.

Januari 1786 meli iitwayo Halsewell, iliyokuwa ikielekea India, ilipigwa na dhoruba ikavunjikia majabalini katika pwani ya Dorset. Kati ya watu wapatao 240, waliookoka walikuwa 74. Nahodha Richard Peirce alikataa kuwaacha binti zake, akafa pamoja nao. Mwaka huohuo mkasa huo ukaonyeshwa katika Eidophusikon, na wachoraji kama Thomas Stothard na James Northcote wakaushughulikia. Hapana shaka kisa cha baba huyo chaliza. Hata hivyo, waliokumbukwa kwa majina ni nahodha na jamaa zake; askari na mabaharia waliokufa kando yao wamebaki kuwa hesabu tu.

Wako waliotendewa vibaya zaidi. Mwaka 1781, katika meli ya Waingereza iitwayo Zong, Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakipelekwa utumwani walitupwa baharini, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima kama kwamba wamepoteza shehena. Mwaka 1840 Joseph Mallord William Turner alionyesha picha ya kitendo cha namna hiyo: tufani inakuja, na minyororo yaonekana majini. Lakini si tufani iliyowaua watu wale. Ni mkono wa binadamu.

Tuyarudie maji yetu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na dhoruba zake hazina haja ya kutiwa chumvi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa, maji yakabaki na uvuguvugu. Pepo huvuma kutoka bara kuelekea ziwani, zikakutana huko, hewa ikapanda na mawingu ya radi yakajikusanya. Ndiyo maana saa za mvuvi wa dagaa kuwasha taa yake ndizo aghalabu saa za hatari.

Ajabu ni kwamba maafa yetu makubwa mawili hayakuletwa na dhoruba. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 800, na wengi wao walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka mchana kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Walikufa 228, wakaokoka 41.

Msomaji na azipime tarakimu hizo kwa utulivu. Waliokufa Ukara walizidi mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na wapo wanaoitumia methali hiyo kufunga mazungumzo, wakasema ilikuwa siku yao. Lakini chombo kilichojazwa kupita kiasi kilianza kuzama kingali kimefungwa gatini, na gatini palikuwa na watu wenye macho.

Kadhalika, orodha ya abiria si karatasi ya kuwasumbua wasafiri. Aliyekufa bila kuandikwa huiachia familia yake msiba usio na mwisho: hakuna wa kuthibitisha kwamba alipanda, na huenda hakuna kaburi la kuzuru. Basi baba asafiripo na wanawe, na ahakikishe kila jina limeandikwa, la mtoto mchanga pia. Mama akiona kivuko kimefurika, asione haya kushuka na kungoja safari ya kesho. Soko litakuwapo. Na mvuvi asiliache boya nyumbani kwa kuwa anajua kuogelea. Mawimbi ya usiku hayaulizi ujuzi.

Waingereza wale walichora dhoruba ili watazamaji watetemeke kwa raha. Sisi hatukupewa umbali huo. Picha yetu ni makaburi ya Igoma na ya Ukara, na kila ayapitiaye yampasa ajiulize swali moja kabla ya kukanyaga ngazi ya meli: tumo wangapi humu, na je, sote tumeandikwa?