Mama Mwanafunzi na Maziwa ya Mtoto
Mwanafunzi aliyejifungua huweza kurejea darasani kabla mtoto hajatimiza miezi 6, muda ambao Shirika la Afya Duniani linashauri anyonyeshwe maziwa ya mama pekee. Titi lisilotolewa maziwa kwa saa nyingi hujaa na kuuma, na hatimaye maziwa hupungua. Kwa hiyo mama akamue kwa mikono safi kila baada ya saa 3 hivi, hata siku ya mtihani. Maziwa hayo hukaa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, au siku 4 ndani ya jokofu. Mume ajifunze kumnywesha mtoto kwa kikombe kisafi. Mhudumu wa kliniki naye aulize ratiba ya masomo. Ushauri usioizingatia ni vigumu kufuatwa.