Maji ya Ziwa ni Twahara, Lakini Je, ni Salama?



Kwa familia za visiwani kama Rukuba, na za mwambao wa Musoma na Bunda, Ziwa Viktoria ndiko tunakotawadha, tunakofua na watoto wanakoogelea. Wengi huuliza: ikiwa maji haya yanafaa kwa udhu, vipi yalete kichocho?

Tutofautishe mambo mawili. Katika madhehebu ya Shafi, maji yaliyofika kulla mbili au zaidi hayanajisiki ila najisi ikibadilisha rangi, ladha au harufu yake. Kwa hiyo udhu wa maji ya ziwa unasihi. Lakini hukumu hiyo ni ya ibada; haisemi kwamba maji hayana maradhi.

Kichocho cha tumbo huanza mgonjwa anapojisaidia ziwani au ufukweni. Mayai ya minyoo hutoka na choo, huanguliwa majini na kuingia kwa konokono wadogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka vijidudu vingine, hasa jua linapowaka, vikapenya ngozi hata isiyo na jeraha. Tumbo huuma, choo huweza kuwa na damu, na miaka ikipita ini hudhurika. Unguja na Pemba wanaijua aina nyingine, ya kukojoa damu.

Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ametahadharisha kujisaidia penye vyanzo vya maji. Anayefanya hivyo anamdhuru jirani yake, na kudhuru hakuruhusiwi.

Tufanye nini?

1. Kila nyumba, kila msikiti na kila kambi ya wavuvi iwe na choo, na kitumike.
2. Maji ya udhu na kuoga yatekwe, yafunikwe na kulazwa siku moja hadi mbili. Vijidudu vya kichocho hufa. Ya kunywa yachemshwe, kwani kuyalaza hakuondoi maradhi ya kuhara.
3. Penye bomba, kama la mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, tutumie maji hayo badala ya ya ufukweni.
4. Kingatiba ya kichocho ikitolewa shuleni, mtoto ale kwanza, kisha ameze dawa.

Dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimkingi mtoto anayerudi kwenye maji yale yale. Kinga huanzia chooni.

Wallahu a'alam.