Pamba sebule kwa bei chee, ila kwanza uliza kitu kilikuwa cha nini

Mpangaji akihamia chumba na sebule Rau, mjini Moshi, pesa nyingi huwa imeshaishia kwenye kodi. Ukuta ni mtupu, dirisha halina pazia na mgeni akija anakalia ndoo. Kwenye simu kuna picha za sebule kali, lakini bei zake si za mtu aliyetoka kulipa miezi sita kwa mkupuo.

Kupendezesha nyumba kwa vitu vilivyokwisha kutumika kunawezekana, na Moshi vipo vya kutosha. Kazi ni kujua cha kubeba na cha kuacha, maana kitu cha bure kinaweza kukuletea kunguni au hata sumu ndani.

Anza na dirisha

Pazia ndilo linalobadilisha chumba haraka kuliko kitu kingine. Pima dirisha kabla ya kwenda kwenye mitumba ya Memorial au Kiboriloni. Upana wa pazia uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya dirisha, ndipo likae na mikunjo. Ukikosa mapazia yanayofanana, chukua mashuka mazito mawili ya rangi moja. Fundi cherehani atakunja upande wa juu, aache njia ya kupitisha waya au fimbo, na pazia limepatikana.

Chagua rangi mbili au tatu tu kwa chumba kizima. Vitu vya mtumba vinatoka huku na huko, na bila mpango wa rangi sebule inaonekana kama stoo.

Gunia la kahawa

Moshi ni mji wa kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933, na kahawa ya kuuzwa nje husafirishwa kwenye magunia ya kilo 60. Gunia kuukuu linatoa foronya za makochi, vitambaa vya meza, hata pambo la ukutani kama maandishi yake bado yanasomeka.

Likung'ute nje, lifue kwa maji ya sabuni, kisha lianike juani mpaka likauke kabisa. Kwa foronya, shona kitambaa cha pamba ndani na gunia liwe la upande wa mbele tu, maana nyuzi zake zinawasha. Wakati wa masika usiliegemeze kwenye ukuta wenye unyevu, litaota ukungu.

Paleti: soma muhuri

Mbao za paleti zinatoa meza fupi, rafu na kitanda. Tafuta muhuri uliogongwa pembeni. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, hizo chukua. Herufi MB zina maana kwamba zilipuliziwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Hizo acha. Acha pia paleti yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa, hata kama muhuri ni mzuri.

Ukishapata nzuri, ng'oa misumari iliyojitokeza, piga msasa, kisha paka vanishi.

Na tawi kavu la kuweka kwenye chupa? Usiende kulikata Msitu wa Rau. Ule ni msitu wa hifadhi. Omba kwa jirani anayepogolea miti yake.

Vitu vya kuacha hata vikiwa bure

*Madumu na ndoo za dawa za shambani.* Wakulima wa mlimani hupulizia kahawa dawa za chulebuni na kutu ya majani. Plastiki hunywa sumu, na kuosha nyumbani hakuitoi yote. Usiligeuze dumu hilo kuwa pipa la maji, chombo cha unga wala sufuria ya maua ambayo watoto wataichezea.

*Godoro na makochi yenye sponji ya zamani.* Kagua mishono kwa tochi ya simu. Ukiona vidoa vyeusi, hao ni kunguni, ondoka. Vitambaa vya mtumba vifue kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi kama vinahimili, kabla havijaingia chumbani.

*Tairi lililoachwa wazi.* Stuli ya tairi inapendeza, lakini tairi lenye maji ni mazalia ya mbu wa dengue, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Likiwa la ndani, lifunike lote kwa kamba ya katani. Likiwa la maua nje, litoboe matundu chini.

*Kabati lenye rangi ya zamani inayobanduka.* Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usilipige msasa mkavu ndani ya nyumba, vumbi lake ndilo lenye hatari.

Kabla ya kutoboa ukuta

Ongea na mwenye nyumba kwanza. Akikataa misumari, egemeza kioo na picha juu ya rafu ya paleti. Faida yake ni kwamba siku ya kuhama unabeba kila kitu.

Huna haja ya kumaliza kwa wikiendi moja. Anza na pazia mwezi huu, foronya mwezi ujao, meza baadaye. Na kila unaponyoosha mkono kuchukua kitu, muulize muuzaji: hiki kilikuwa cha nini? Kama hana jibu na kitu kinanuka dawa, kiache hapo hapo.