Alikaribia, Ameshafika, Hajawahi: Kielezi cha Kiingereza Kabla ya Kitenzi

Mwanafunzi wa Buswelu, Mwanza, aliyesoma shule ya msingi ya serikali huingia kidato cha kwanza akiwa amefundishwa karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha baiolojia, jiografia na hisabati zote zinageuka Kiingereza kwa mpigo. Makosa mengi ya miezi ile ya mwanzo huisha yenyewe. Kuna moja linalong'ang'ania, nalo linawafuata Watanzania hadi Reading na Minneapolis, hata wakiwa na shahada mkononi: "He came always late", "I finished already the report", "She sold nearly the boat". Kielezi kimeangukia baada ya kitenzi, wakati Kiingereza kilikitaka mbele yake. Tunaambiwa sababu ni Kiswahili, kwamba sisi tumezoea kusema "alisoma vizuri", "alifika jana", "aliondoka haraka", na mazoea hayo tunayahamishia kwenye lugha ya watu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yameishia njiani. Kiswahili kinao mpangilio uleule ambao Kiingereza kinautaka, ila kimeuficha ndani ya kitenzi, mahali ambapo hatujazoea kutafuta kielezi.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Vielezi vinavyosema jambo lilitendeka vipi, wapi au lini kwa kawaida hukaa mwishoni, na hapo hatuna ugomvi navyo: "She sold the fish quickly at Kirumba yesterday." Vinavyotusumbua ni vile vinavyotoa hukumu juu ya tukio lenyewe: lilitokea kweli au lilikaribia tu, limeshatokea au halijapata kutokea, lilikuwa la kawaida au la nadra. Hivyo ni akina "almost", "already", "never", "always", "hardly", "just". Kitenzi kikiwa kimoja katika wakati uliopita, vielezi hivi hukaa kati ya mtenda na kitenzi: "She almost sold the fish." Kikiwepo kitenzi kisaidizi, hicho hutangulia na kielezi hukifuata. Chukua Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lililozinduliwa Juni 19, 2025 baada ya miaka mingi ya watu kupanga foleni ya kivuko. Ukimtaja Rais aliyelizindua utasema "The President finally opened the bridge." Ukilitaja daraja utasema "The bridge was finally opened." Kielezi ni kilekile na tukio ni lilelile. Kilichoongezeka ni "was", na "was" imekaa mbele.

Sasa litazame neno "ameshaondoka" kwa karibu. Lina vipande vinne: a, me, sha, ondoka. Weka Kiingereza chini yake: she, has, already, left. Hakuna kipande kilichohama. Kile kiambishi "sha", kilichochakaa kutoka kitenzi "kwisha", kinafanya kazi ya "already", na kimekaa palepale "already" inapokaa, baada ya alama ya wakati na kabla ya tendo. Nenda hatua moja mbele, "alikuwa ameshaondoka", upate "she had already left", bado mpangilio umeshikamana. "Alikaribia kuuza samaki" inatanguliza ukaribu kabla ya kuuza, sawasawa na "she almost sold the fish". "Hajawahi kufika" inatanguliza "never" kabla ya kufika, "ndiyo kwanza amefika" inatanguliza "just", na "alizoea kuchelewa" inatanguliza mazoea kabla ya kuchelewa. Hukumu kwanza, tendo baadaye. Kihaya, kule magharibi mwa Ziwa Victoria, kinakwenda mbali zaidi, kwani hata tofauti ya yaliyopita leo, jana na zamani kinaiweka ndani ya kitenzi. Lugha zetu zinamiminia kwenye kitenzi mambo ambayo Kiingereza hulazimika kuyasimamisha kama maneno ya pembeni. Ndiyo maana mwanafunzi anapokutana na "already" ikiwa neno linalojitegemea, na mwalimu akamwambia hicho ni kielezi, analipeleka kwa ndugu zake "vizuri" na "haraka", baada ya kitenzi. Jina la kisarufi ndilo lililompoteza.

Mtu anaweza kupinga kwamba Kiswahili nacho kina vielezi huru vinavyotangulia kitenzi, kama "hatimaye", "ghafla" na "daima". Ni kweli, na ndiyo maana "finally" haitusumbui sana. Lakini maneno hayo hutembea atakavyo msemaji. "Hatimaye Rais alizindua daraja" na "Rais hatimaye alizindua daraja" zote zinakubalika. Kiambishi "sha" hakitembei. Uhuru wa "hatimaye" haumfundishi mtu nidhamu ya "already". Nidhamu hiyo anaifundishwa na "ameshaondoka".

Wengine watasema dawa ni kukariri orodha ya vielezi pamoja na kanuni. Kuna ushahidi unaoitilia shaka dawa hiyo. Mwaka 1991 mwanaisimu Lydia White alichapisha utafiti juu ya watoto wa darasa la tano na la sita huko Quebec, Kanada, wazungumzaji wa Kifaransa waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Kifaransa huweka kitenzi kabla ya kielezi, "Il mange souvent du poisson", na watoto walifuata njia hiyo katika Kiingereza. Waliofundishwa kanuni waziwazi waliimarika. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, manufaa yalikuwa yametoweka. Mtu wa Goma au Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa ana mzigo huohuo. Inafaa kujua pia kwamba Kiingereza chenyewe kilipita huko. Hadi enzi za Shakespeare ilikuwa kawaida kusema "I know not", kitenzi kikitangulia, na mabadiliko yaliyokishusha kitenzi cha kawaida nyuma ya "not" na vielezi yalichukua karne kadhaa. "Was" na "had" hazikushuka, ndiyo maana hadi leo zinatangulia. Kanuni yenye historia ndefu hivyo haikai kichwani kwa kukaririwa wiki mbili. Inahitaji kushikizwa kwenye kitu ambacho mtoto tayari anakisema kila siku.

Pingamizi zito zaidi ni hili: watu wanatuelewa, kwa nini tuhangaike? Kwa "He came always late" nakubali, hakuna atakayepotea. Na kwa "only" hata Waingereza wenyewe hawako makini, huiweka mbele ya kitenzi hata wanapokusudia neno jingine. Lakini zipo sentensi ambazo nafasi ndiyo maana. "The chairman wisely answered the question" ni mwenyekiti aliyefanya busara kujibu, hata kama jibu lenyewe lilikuwa la kawaida. "The chairman answered the question wisely" ni mwenyekiti aliyejibu kwa busara. Tazama tena jinsi Kiswahili kinavyotenganisha hizo mbili: ya kwanza kwa kitenzi kinachotangulia, "alifanya busara kujibu", ya pili kwa kielezi cha mwisho. Na Watanzania wengi ughaibuni wanafanya kazi za kutunza wazee na wagonjwa, ambako kila zamu huandikiwa taarifa. "The patient almost took all the tablets" ina maana mgonjwa alikaribia kumeza vidonge vyote, na huenda hakumeza hata kimoja. "The patient took almost all the tablets" ina maana vidonge vingi viko tumboni. Muuguzi wa zamu inayofuata ataamua la kufanya kwa kusoma mstari huo, na mwenzake aliyeuandika ameshaondoka.