Mlima Unapojifunika

Mgeni aliyefika Moshi akitaka kuiona Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, huambiwa aamke mapema. Saa 12 asubuhi kilele kiko wazi, cheupe juu ya migomba. Ikifika saa 4 au saa 5, mawingu yamekwisha kukimeza, na huenda asikione tena hadi jua lielekee kuchwa. Wengi husema wamekosa bahati. Kwangu mimi, mawingu hayo ndiyo hazina kubwa ya Kilimanjaro, kupita hata barafu inayopigwa picha.

Jua linapochomoza, miteremko hupata moto upesi, na hewa inayoigusa huwa nyepesi ikaanza kupanda. Kadiri inavyopanda inapoa, kwa wastani karibu nyuzi joto 6 kwa kila mita 1,000. Moshi iko kwenye kimo cha mita 800 hivi, na Uhuru, sehemu ya juu kabisa ya Kibo, ni mita 5,895. Piga hesabu: mchana wenye nyuzi 30 sokoni Moshi, kule juu unabaki karibu na sifuri. Ndiyo maana barafu inakaa nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jambo ambalo wanajiografia wa Ulaya walilikataa wakati mmisionari Johannes Rebmann aliposimulia kwamba aliiona theluji ya huko mwaka 1848.

Hewa iliyopoa haiwezi kuubeba mvuke wote iliokuja nao. Mvuke hugeuka matone, matone yakawa wingu, na wingu hilo hukaa zaidi kwenye ukanda wa msitu. Hapo ndipo watu hushangaa, maana hudhani kwamba ukizidi kupanda na mvua inazidi. Upande wa kusini, unaopokea unyevu wa Bahari ya Hindi, mvua huongezeka hadi mita 2,200 hivi, ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kutoka hapo inapungua kwa kasi. Ukishavuka mita 4,000 unatembea jangwani: kokoto, vumbi, na majani machache yaliyojibana nyuma ya mawe. Kule mchana jua linachoma ngozi na usiku maji yanaganda, siku hadi siku, mwaka mzima. Upande wa kaskazini, unaotazama Amboseli, ni mkavu zaidi kwa sababu mlima wenyewe umeukinga na mvua.

Kileleni, basi, ni baridi lakini pia ni pakavu, na ukavu huo ndio unaoeleza mengi kuhusu barafu. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Leo haifiki 2. Joto la dunia limo katika habari hii, ila halifanyi kazi kama mshumaa juu ya kipande cha siagi. Hewa ya kileleni kwa muda mwingi iko chini ya sifuri. Barafu inaliwa na miale ya jua inayopiga kuta zake zilizosimama wima, na sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Theluji mpya ingeirudishia ilichopoteza, na weupe wake ungeirudisha angani sehemu kubwa ya miale hiyo. Lakini tangu mwishoni mwa karne ya 19 theluji hiyo imekuwa haba. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: barafu ikiisha, mito itakauka? Hofu hiyo naielewa, lakini imeelekezwa mahali pasipo pake. Barafu isiyofika kilomita za mraba 2, tena inayopotea kwa sehemu kama mvuke, haiwezi kuwa ndiyo inayolisha mto Pangani. Maji yanatoka kwenye msitu wa kiasi cha kilomita za mraba 1,000 unaouzunguka mlima. Mvua inayonyesha pale inazama kwenye mawe ya volkano yaliyojaa nyufa, ikaibuka chini kama chemchemi. Mifongo, yaani mifereji ambayo Wachagga waliichimba kwa vizazi ili kunywesha vihamba vyao, mashamba yaliyozunguka nyumba zao, huchukua maji ya vijito vinavyotoka msituni humo.

Kuna na maji yasiyoingia kwenye kipimo cha mvua. Pita juu ya kituo cha Mandara alasiri, msitu mkubwa unapoishia na miti midogo yenye vijani vyembamba kama sindano inapoanza. Matawi yamejaa ndevu za kijani-kijivu zinazoning'inia, na wingu linapita katikati yake. Hakuna mvua, lakini ardhi chini ya mti imelowa: kila jani dogo limechuja ukungu na kuudondosha tone kwa tone.

Ukanda huo ndio unaoungua. Miongo ya moto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na moto wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo jingine kubwa. Palipokuwa na miti sasa pana vichaka vifupi na nyasi. Kila alasiri wingu linapanda kama zamani, linapita juu ya vichaka hivyo, na sehemu kubwa ya maji yake linaondoka nayo.