Fahamu: Uzamili katika afya ya umma ya ulimwengu, na funzo la Upare

Ni elimu gani?

Ni shahada ya pili ambayo mwanafunzi wake, badala ya kumwangalia mgonjwa mmoja kitandani kama afanyavyo tabibu, huitazama siha ya kaumu nzima: wangapi wanaougua, kwa sababu gani, na kwa njia ipi maradhi yaweza kuzuiwa hata yavukapo mipaka ya dola.

Upare wahusikaje?

Baina ya mwaka 1955 na 1959, katika mradi wa malaria wa Pare-Taveta, kuta za nyumba za tambarare ya Upare, Tanganyika, na za Taveta, Kenya, zilipulizwa dawa ya dieldrini; na kwa kuwa mbu hatambui mpaka, ilibidi nchi mbili zishughulikiwe kama moja. Malaria ilipungua sana. Lakini upulizaji wa dawa uliposita, maradhi yakarejea taratibu. Hapo pana swali zito, ambalo kwa rai yangu lastahili muhula mzima: je, ni haki kuwapunguzia watu maradhi kwa muda, ilhali kinga ya miili yao nayo hupungua, pasipo kuwawekea njia ya kuidumisha neema hiyo?

Husomwa wapi?

Kwa mkazi wa Same, huko huko Upare, uzamili wa afya ya umma upo karibu, katika chuo kikuu cha KCMC mjini Moshi. Upo pia katika chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Hufunzwa epidemiolojia, takwimu na sera, kisha huandikwa tasnifu. Mlango hauko wazi kwa madaktari peke yao: muuguzi au bwana afya mwenye shahada ya kwanza aghalabu huweza kuomba.